Kicheko cha Ndugu Wawili

Katika mwaka wa 1867 mtambo mdogo wa chapa wa misheni huko Unguja ulitoa kitabu kilichoitwa Hadithi za Kiingereza. Aliyekitengeneza alikuwa Edward Steere, padre wa Misheni ya Vyuo Vikuu, ambaye baadaye alifanywa askofu. Hadithi zilizokuwamo zilitokana na tamthilia za Shakespeare, lakini hazikuchotwa kwa Shakespeare mwenyewe. Zilichotwa katika kitabu cha watoto kilichotolewa London mwaka wa 1807, ambacho waandishi wake walikuwa ndugu wawili wa tumbo moja, Charles Lamb na dada yake Mary. Hivyo, miongoni mwa vitabu vya mwanzo kupigwa chapa kwa Kiswahili, kimoja kina asili yake katika nyumba ya watu wawili ambao maisha yao yalitawaliwa na maradhi ya akili: mwanamume aliyepata kufungiwa katika nyumba ya wendawazimu, na mwanamke aliyemwua mama yake kwa kisu.

Habari za ndugu hawa zimesimuliwa mara nyingi kwa huruma, na huruma wanaistahili. Walakini limo ndani yake jambo jingine ambalo huruma hulifunika. Watu hawa walicheka. Wakakiandika kicheko chao. Na wengine waliokuwa na mzigo kama wao wakapata faraja kwa kukisoma. Jambo hilo si dogo, maana katika nchi yao kicheko na wazimu vilikuwa vimekwisha kukutana kwa njia nyingine, na njia hiyo ilikuwa mbaya.

London ilikuwa na hospitali kongwe ya wendawazimu iitwayo Bethlem, ambayo watu wa mjini waliizoea kwa jina la Bedlam. Tangu mwaka wa 1676 hospitali hiyo ilikuwa katika jumba la fahari huko Moorfields, na kwa karibu miaka mia moja milango yake ilikuwa wazi kwa watazamaji. Watu walikwenda huko siku za sikukuu kama waendavyo kutazama ngoma. Walitia senti chache katika sanduku la sadaka, wakapita kati ya vyumba, wakawatazama wagonjwa, wakawachokoza, wakacheka, wakarudi kwao. Mchoraji William Hogarth aliionyesha hali hiyo katika picha ya mwisho ya mfululizo wake juu ya kijana mpotevu, uliotolewa mwaka wa 1735. Kijana yule ameanguka sakafuni nusu uchi, na minyororo miguuni. Na nyuma yake wamesimama mabibi wawili wa kitajiri, mmoja ameshika upepeo wake, wamekuja kustarehe. Haikuwa ila mwaka wa 1770 ndipo wakuu wa hospitali walipowazuia wageni wasio na kibali.

Kicheko cha Moorfields kilikuwa kicheko cha mtu mzima juu ya mgonjwa. Faida yake kwa anayecheka ilikuwa moja tu: kilimhakikishia kwamba yeye si mmoja wa wale. Mgonjwa hakupata kitu katika kicheko hicho ila fedheha. Ili kicheko kipate kuwa faraja ilibidi kwanza kibadili mwenyewe, kitoke katika kinywa cha aliyeugua.

Mmoja aliyewatangulia ndugu wa Lamb katika njia hiyo alikuwa mshairi William Cowper, aliyezaliwa mwaka wa 1731. Cowper alisomea sheria, lakini mwaka wa 1763, alipotakiwa kuhojiwa mbele ya watu ili apewe kazi katika Baraza la Malodi, hofu ilimshika hata akajaribu kuitoa roho yake. Akapelekwa St Albans kwa tabibu Nathaniel Cotton, akakaa chini ya ulinzi wake mpaka mwaka wa 1765. Katika mwaka wa 1773 maradhi yalirudi, na tangu hapo Cowper aliamini kwamba Mungu amemhukumu kupotea milele. Imani hiyo hakuna aliyeweza kumtoa, na alikufa nayo mwaka wa 1800.

Mtu wa namna hiyo ndiye aliyewachekesha Waingereza kuliko washairi wengi wa siku zake. Alipokuwa hawezi kitabu wala mazungumzo, jirani mmoja alimletea mtoto wa sungura. Majirani wengine waliposikia, wakamletea wengine wengi, naye akawachagua watatu, akawapa wawili majina ya kike ingawa wote walikuwa madume. Katika mwaka wa 1784 aliziandika habari zao katika gazeti la Gentleman's Magazine. Hakuficha kwamba aliwafuga kwa sababu alikuwa mgonjwa wa moyo na wa mwili, wala hakukaa katika jambo hilo zaidi ya sentensi chache. Mara akaingia katika kusimulia jinsi mmoja alivyokuwa akimvuta nguo kwa meno ampeleke bustanini, na jinsi mwingine, Tiney, alivyokataa katakata kufugika, akawa mwenye hasira mpaka siku ya kufa kwake, na kwa hasira yake hiyo akapendwa. Sungura wa ngano za Waswahili huwashinda simba na fisi kwa hila zake. Sungura wa Cowper walikuwa na kazi ngumu zaidi ya hiyo, na yasemekana na wengi kwamba kwa miaka kadhaa waliifanya vizuri.

Kadhalika shairi lake la John Gilpin, lililotolewa mwaka wa 1782, lilizaliwa katika siku ya giza. Rafiki yake Lady Austen alimwona amezama katika huzuni, akamsimulia kisa cha mfanyabiashara wa nguo aliyepanda farasi wa kuazima ili aende karamuni, farasi akampitisha pale alipotaka kushuka, akamrudisha, akampitisha tena. Cowper hakulala usiku ule kwa kucheka, na kabla ya siku nyingi kisa kilikuwa shairi. Yeye mwenyewe alikiri kwa marafiki zake kwamba maneno yake ya kuchekesha mno aliyaandika katika saa za huzuni kubwa.

Miongoni mwa vijana waliompenda Cowper alikuwamo karani mmoja wa hesabu katika Kampuni ya Uhindi ya Mashariki, Charles Lamb. Katika mwaka wa 1796 kijana huyu alitunga shairi la kumpongeza Cowper kwa kupona ugonjwa. Msomaji asiyejua mambo angelidhani ni adabu ya mshairi mdogo kwa mshairi mkubwa. Kwa hakika ilikuwa salamu ya mgonjwa kwa mgonjwa.

Charles alizaliwa tarehe 10 Februari 1775 katika mtaa wa wanasheria uitwao Temple, ambako baba yake alikuwa mtumishi na karani wa mwanasheria mmoja, Samuel Salt. Alisoma katika shule ya Christ's Hospital pamoja na Samuel Taylor Coleridge, akawa rafiki yake wa maisha. Alikuwa na kigugumizi, na kigugumizi hicho kilimfungia njia ya chuo kikuu, maana wanafunzi waliopelekwa huko kutoka shuleni kwake walitazamiwa kuwa makasisi. Akaingia katika ofisi ya Kampuni mwaka wa 1792, na huko alikaa miaka 33 mbele ya madaftari ya hesabu.

Mwishoni mwa mwaka wa 1795 akili yake ilichafuka, akawekwa kwa majuma sita katika nyumba ya wendawazimu huko Hoxton. Alipotoka alimwandikia Coleridge. Barua hiyo, ya mwezi wa Mei 1796, ndiyo ya kwanza katika barua zake nyingi zilizohifadhiwa, na ndani yake jambo hilo limewekwa kama mtu anayesimulia safari ya mapumziko. Asema kwamba majuma hayo aliyapitisha kwa raha, kwamba sasa amepata akili kiasi, na kwamba hamwumi mtu. Maneno ya mwisho ni mzaha, na yafaa kuangaliwa vema. Watazamaji wa Moorfields walimwona mwendawazimu kama mnyama. Charles anaitwaa sura hiyo hiyo ya mnyama, anaivaa mwenyewe, na kumtolea rafiki yake meno. Baada ya hapo ni nani wa kumcheka? Amekwisha kujicheka mwenyewe, na amefanya hivyo vizuri zaidi.

Lakini mzaha wa Mei haukujua ya Septemba.

Wakati huo jamaa ya Lamb walikaa katika vyumba vya Little Queen Street, huko Holborn. Baba alikuwa amepungukiwa na akili kwa uzee. Mama alikuwa hajiwezi, hana nguvu za miguu. Kaka mkubwa, John, alikuwa na kazi nzuri na makazi yake mbali. Mary, aliyezaliwa tarehe 3 Desemba 1764, ndiye aliyemwuguza mama yake mchana na usiku, akalala naye, na tena akashona nguo za watu kwa ujira ili nyumba ipate riziki, akiwa na mwanagenzi mmoja wa kike wa kumsaidia. Siku ya Alhamisi, tarehe 22 Septemba 1796, chakula kilipokuwa kikiandaliwa, Mary alishika kisu cha mezani akamfukuza yule msichana chumbani. Mama akapiga kelele kumzuia. Mary akamgeukia, akamchoma. Baba naye alijeruhiwa katika paji la uso. Charles alifika kwa kuchelewa, akaweza tu kukinyang'anya kisu mkononi mwa dada yake. Umri wake ulikuwa miaka 21.

Siku ya pili yake baraza la kuchunguza kifo liliamua kwamba Mary alitenda hayo kwa wazimu, akapelekwa katika nyumba ya wagonjwa huko Islington. Charles alimwandikia Coleridge, akamwomba barua ya dini, asimtajie mashairi hata kidogo. Yale aliyokuwa nayo alikuwa amekwisha kuyaharibu. Katika barua nyingine, ya mapema Oktoba, amesimulia jambo moja ambalo lastahili kukumbukwa na kila anayeandika juu ya kicheko na msiba. Siku ya pili ya matanga watu kama ishirini walikuwa wakila nyumbani mwao, wengine wamekuja kwa urafiki, wengine kwa kutaka kuona. Wakawa wanachangamka. Watu wa pwani huijua hali hiyo ya matangani, na hawaioni kuwa ajabu. Charles akavutwa naye aketi ale, akaanza kuchangamka pamoja nao. Ghafula akakumbuka kwamba mama yake amelala maiti katika chumba cha pili, mlango kwa mlango. Akaondoka, akaenda akapiga magoti kando ya jeneza, akaomba msamaha kwa kumsahau upesi namna ile.

Basi mtu huyu hakuwa mwepesi wa kucheka kwa kuwa hakuonja uchungu. Aliujua mpaka ulioko baina ya kicheko kinachosahau na kicheko kinachokumbuka, maana aliuvuka akiwa kijana, akaungua.

John alitaka Mary afungiwe Bethlem maisha yake yote. Charles akakataa. Akapiga hesabu ya nyumba kwa kalamu ya karani: mapato yao yote pauni 170 au 180 kwa mwaka, pauni 50 au 60 zitengwe kwa Mary. Akajifunga kwamba yeye atakuwa mlinzi wake maadamu yu hai. Sheria ya wakati ule iliruhusu jambo hilo. Miaka minne tu baadaye, mwaka wa 1800, James Hadfield alipojaribu kumpiga risasi Mfalme George wa Tatu katika ukumbi wa Drury Lane, bunge lilipitisha sheria mpya ya kuwaweka kizuizini, kwa hiari ya mfalme, watu walioshtakiwa kwa makosa makubwa wakaonekana kuwa wazimu. Mfalme mwenyewe alikuwa amekwisha kuugua akili mwaka wa 1788, akafungwa mikono na matabibu kama raia yeyote.

Baba alikufa mwaka wa 1799, na Mary akahamia kwa mdogo wake. Tangu hapo walikaa pamoja kwa miaka 35. Maradhi ya Mary hayakupona. Yalikuja, yakaenda, yakarudi, pengine mara moja kwa mwaka, pengine zaidi, na kila mara alikuwa mbali na nyumbani kwa majuma au miezi. Dalili za kuja kwake walizifahamu wote wawili. Rafiki yao Charles Lloyd alipata kukutana nao wakikata mashamba kwa miguu kuelekea Hoxton, wameshikana mikono, wote wanalia: dada anapelekwa na ndugu yake, kwa ridhaa yake mwenyewe, kabla akili haijamtoka. Waliposafiri walichukua katika mizigo yao koti la kumfungia mgonjwa mikono. Wenye nyumba walipopata fununu ya mambo yao waliwataka wahame, nao walihama mara nyingi. Charles hakuoa.

Katika vyumba hivyo vya kuhamahama ndimo kilimozaliwa kicheko ambacho watu wa Uingereza walikipenda. Kwa kawaida sifa yote hupewa Charles, kwa kuwa ndiye aliyekuwa na jina. Hukumu hiyo si ya haki. Barua za Mary zaonyesha kwamba mzaha ulikuwa mali ya nyumba nzima. Rafiki yake Sarah Stoddart aliwahi kupelekewa habari kwamba angeliwaona ndugu hawa angelicheka au angelilia, au pengine yote mawili: wamekaa wakitazamana kwa nyuso ndefu, huyu amwuliza huyu hali, na huyu amwuliza yule, kisha wote waangua kilio na kuahidiana kwamba kesho watakuwa wazima. Mary aongeza kwamba Charles amewafananisha wao wawili na jino linaloumwa na rafiki yake jipu la ufizi. Kila mmoja ni faraja ya mwenziwe, ila faraja yenyewe si ya raha sana. Ni shida kupata maelezo mafupi na ya kweli kuliko hayo juu ya wagonjwa wawili wanaotunzana.

Sarah huyo huyo alikuwa na mama aliyeshikwa na wazimu, na Mary alimwandikia kumtuliza. Alimwambia kwamba asema kwa kuwa amepita njia hiyo na kuwaona wengi walioipita. Kwamba umaskini au hofu anayoiwaza mgonjwa haimchomi kama imchomavyo mzima mambo ya kweli. Na kwamba yampasa binti amtendee mama yake kwa upole. Hakuna tabibu wa London ambaye angeweza kuiandika barua ile. Sarah alipoolewa na mwandishi William Hazlitt mwaka wa 1808, ndugu wa Lamb walihudhuria arusi, na Charles akashikwa na kicheko kanisani hata nusura atolewe nje. Alieleza baadaye kwamba kila jambo la kutisha au la heshima kubwa humchekesha, na kwamba hata mazikoni alipata kujiaibisha.

Kitabu cha hadithi za Shakespeare kiliandikwa katika meza moja, Mary upande huu na Charles upande huu, Mary akinusa ugoro na Charles akilalamika kwamba kazi haitengenezeki, mpaka ameimaliza ndipo aonapo kwamba imetengenezeka. Habari hiyo pia ni ya Mary. Katika hadithi 20 yeye aliandika 14, na Charles 6 zile za misiba. Malipo yalikuwa pauni 63 kwa kazi yote. Walakini ukurasa wa kwanza ulipochapwa mwaka wa 1807 ulikuwa na jina la Charles peke yake. Jina la mwanamke yule halikuwa jambo la kuwekwa mbele ya vitabu vya watoto.

Mary alikuwa na neno lake pia, nalo halikuwa la kuchekesha hata kidogo. Katika mwaka wa 1815, kwa jina la kubuni, alitoa insha juu ya kazi ya kushona. Alisema kwamba wanawake wenye wasaa wasishone kwa kujipitishia wakati, kwa maana kazi hiyo huwanyima riziki wanaoitegemea, na kwamba saa za mwanamke nyumbani hazina mwisho kama za mwanamume. Msomaji ajuaye kilichompata mshonaji wa Little Queen Street ataisoma insha hiyo polepole.

Kuhusu Charles na kujicheka kwake, hakuna kisa kipitacho kile cha tarehe 10 Desemba 1806. Usiku ule mchezo wake ulioitwa Mr. H. ulionyeshwa Drury Lane. Shujaa wa mchezo ni mtu anayeficha jina lake, na wanawake wote wa mji wanamtamani, mpaka jina linapomponyoka: aitwa Hogsflesh, yaani nyama ya nguruwe. Watu walicheka mwanzoni, kisha wakachoka, kisha wakaanza kuzomea. Charles, aliyekuwa ameketi mbele pamoja na Mary, akazomea kuliko wote. Yasemekana aliogopa kutambuliwa kuwa ndiye mtungaji. Inawezekana, lakini mtu aliyefanya mzaha juu ya meno yake mwenyewe alipotoka Hoxton hakuwa mgeni katika sanaa ya kujiunga na upande wa wanaomcheka.

Insha zilizompa jina zilianza kutoka mwaka wa 1820 katika London Magazine, zikakusanywa kitabuni mwaka wa 1823, na mkusanyo wa pili mwaka wa 1833. Aliziandika kwa jina la Elia, ambalo alilichukua kwa karani mmoja aliyemjua zamani. Elia ni mzee mseja, mpenda vitabu vikuukuu na nyama ya kuchoma, anayekaa na binamu yake aitwaye Bridget. Bridget ni Mary. Takriban kila kitu katika insha hizo kilitokea kweli, na jambo moja kuu halimo kabisa. Wazimu haukutajwa. Lakini haiwezekani kusema kwamba Charles aliuficha, maana umo katika kila kona kwa namna ya kivuli. Chukua insha yake ya mwaka wa 1825 juu ya mtu anayepona ugonjwa. Mgonjwa kitandani, asema, ni mfalme: hana deni, hana kesi, mito yake ndiyo dola yake, na watu wote wa nyumbani wanatembea kwa vidole vya miguu. Akishapona anapinduliwa, anarudi kuwa mtu wa kawaida wa kubishiwa na kudaiwa. Mwandishi wa mzaha huo aliwahi kumkiri Coleridge kwamba alizikumbuka siku zake za Hoxton kwa namna ya wivu, kwa sababu ndani yake alipata saa za furaha tupu. Mzaha wa kitanda cha mfalme una mizizi huko, nao wamfahamisha msomaji jambo ambalo wagonjwa wa akili hulijua na mara chache huthubutu kulisema: kwamba kupona nako ni kupoteza.

Hata hivyo Charles hakupenda wazimu ufanyiwe sifa. Katika insha nyingine, ya mwaka wa 1826, alipinga wale wanaosema kwamba akili kubwa ni jirani wa wazimu. Akili kubwa kuliko zote, kwa maoni yake, ndiyo iliyo timamu kuliko zote. Mshairi aota akiwa macho. Yeye aliyeyajua yote mawili alikuwa na haki ya kutoa hukumu hiyo, na wapenda mashairi waliomfuata katika karne ile wangelifanya vema kumsikiliza.

Yako mapungufu, na hayafai kupitwa. Charles alikunywa pombe kupita kiasi, na katika mwaka wa 1813 alitoa maungamo ya mlevi ambayo hayana mzaha wowote. Kicheko hakikumkinga yeye na ulevi, wala hakikumkinga Mary na siku moja ya maradhi. Katika mwaka wa 1822 walikwenda Ufaransa kutembea, na Mary akaugua njiani, huko Amiens, kabla hajaiona Paris. Pia Bridget wa insha anasemewa, hasemi. Ingelikuwa vizuri kupata insha moja ya Bridget juu ya Elia. Ila barua zake ziko, na ndani yake sauti ni ya mtu anayejua vema kwamba anachekwa na anayempenda, na anayejua kumrudishia.

Insha ya kikombe cha zamani cha udongo wa Kichina, ya mwaka wa 1823, yakaribia kumpa nafasi hiyo. Bridget anazungumza humo kwa kurasa nyingi. Anatamani siku za umaskini wao, walipojadiliana kwa majuma kama wanunue kitabu kimoja kikuukuu, na Elia akaenda kukichukua usiku wa Jumamosi karibu duka lifungwe, akarudi akitamani kingelikuwa kizito mara mbili. Siku hizo za umaskini ambazo Bridget anazililia zilikuwa siku za Hoxton na Islington. Charles na Mary walijua. Wasomaji wa gazeti hawakujua.

Charles alistaafu mwaka wa 1825. Miaka ya mwisho walikaa nje ya mji, Enfield na kisha Edmonton, katika nyumba ya watu waliopokea wagonjwa wa akili, ili Mary asihamishwe tena kila akiugua. Huko Charles alijikwaa akaanguka, jeraha la usoni likamletea maradhi, akafa tarehe 27 Desemba 1834. Mary, aliyemzidi kwa miaka kumi, akaishi zaidi ya miaka kumi na miwili baada yake. Alikufa tarehe 20 Mei 1847, akazikwa katika kaburi la nduguye huko Edmonton.

Marafiki waliokuwa wakijua walikuwa wamenyamaza kwa nusu karne kwa ajili yake. Sasa hapakuwa na wa kumwumiza. Katika mwaka wa 1848 Thomas Noon Talfourd, mwanasheria na rafiki wao, alitoa kumbukumbu zake za mwisho juu ya Charles Lamb pamoja na barua za mwaka wa 1796. Watu waliokuwa wamekua na Elia, waliomdhani mzee mwenye bahati aliyecheka kwa kuwa hakupata taabu, wakazirudia insha zake. Katika ile iitwayo Mackery End, ya mwaka wa 1821, Elia anamsifu binamu yake na kumtania kwa pamoja. Amwita mfariji wa kweli katika huzuni kubwa, ila katika usumbufu mdogo mdogo aweza kuzidisha mambo. Asema pia kwamba utulivu wa akili yake hutosha kwa majaribu makali kabisa ya maisha, na kwamba kama utamwacha, utamwacha katika jambo dogo lisilo na maana. Msomaji wa mwaka wa 1821 alipita hapo akitabasamu, kwa kuwa kila mtu ana shangazi au binamu wa namna hiyo. Msomaji wa mwaka wa 1848, kama nyumbani mwake alikuwamo mtu aliyepelekwa na kurudishwa kama Mary, alisimama hapo. Akaona kwamba Charles ameyaandika maneno hayo akiwa na dada yake chumba kimoja, na kwamba Mary, kabla ya mtu mwingine, alikuwa ameyasoma.